Hati ya Rehani Imeandikwa kwa Ajili ya Nani?

Sheria inayosimamia madalali wa minada nchini Tanzania, Sura ya 227, ina kifungu cha 12 ambacho kila mwenye mkopo wa nyumba angepaswa kukijua. Kinasema ardhi isiuzwe kwa mnada mpaka tangazo la hadhara liwe limetolewa kwa siku zisizopungua 14, katika mji mkuu wa wilaya ilipo ardhi na pia mahali pa mnada wenyewe. Tangazo hilo lisiwe la maandishi peke yake. Litolewe pia kwa njia nyingine ambayo hata mtu asiye na elimu ataielewa. Na liwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza.

Kifungu hicho ni cha haki. Lakini kiweke kando ya hati ya rehani yenyewe, ile iliyosainiwa miaka kadhaa kabla dalali hajafika mtaani na kipaza sauti chake. Hati hiyo, kwa desturi ya mabenki yetu, ni ya Kiingereza tupu, kurasa nyingi, mistari imebanana. Siku nyumba inapouzwa, sheria inahakikisha hata mpita njia anaelewa kinachoendelea. Siku nyumba ilipowekwa bondi, mwenye nyumba mwenyewe aliachwa abahatishe. Sheria inadai mengi juu ya karatasi ya rehani: umbo lake, saini zake, mashahidi wake, mihuri yake, na katika baadhi ya nchi hata ukubwa wa herufi na upana wa pambizo. Swali ni matakwa hayo yote yanamlinda nani.

Watu wa pwani hawakuletewa na Mwingereza wazo kwamba hati ya deni iwe na umbo maalumu. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Sura ya al-Baqara, inahusu kuandika deni: mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, muda wa kulipa utajwe, deni liandikwe liwe dogo au kubwa. Aya inayofuata inagusa rehani, kwa walio safarini wasiopata mwandishi. Jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka ni nani anayetoa imla. Ni mdaiwa. Na kama mdaiwa ni dhaifu au hawezi kutoa imla mwenyewe, msimamizi wake aitoe kwa uadilifu. Maneno ya hati yanatoka upande wa yule atakayebanwa nayo. Sijaona katika sheria za leo kanuni inayomjali mkopaji kwa namna iliyo wazi kuliko hiyo.

Bila shaka desturi haikufuata maadili hayo daima. Katika karne ya 19, Unguja na Oman, mikopo mingi iliyodhaminiwa kwa mashamba na nyumba ilipita katika bei ya khiyari: mwenye mali anaiuza kwa sharti kwamba akirudisha fedha ndani ya muda fulani, mali inarudi kwake. Kwa nje ni mauzo, kwa ndani ni rehani. Muda ukipita, karatasi inasema umeuza. Hapo tunaona mapema kabisa hatari ambayo bado tunayo, kwamba umbo la hati likisema jambo moja na watu wakaelewana jambo jingine, umbo ndilo hushinda.

Uingereza ilifuata njia yake. Mwaka 1677 Bunge la huko lilipitisha sheria ya kuzuia udanganyifu iliyotaka miamala ya ardhi iwe ya maandishi na yenye saini. Lengo lilikuwa kuzuia watu wasidai ardhi za wenzao kwa ushahidi wa mdomo. Ni lengo jema. Ila baada ya muda saini iligeuka kuwa kufuli: ukishasaini, umefungwa, uwe umesoma au hukusoma. Mwaka 1934 mahakama ya huko iliamua dhidi ya mwanamke mwenye mgahawa mjini Llandudno aliyenunua mashine ya kuuzia sigara kwa mkataba uliochapwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi ya kahawia. Mmoja wa majaji alisikitikia udogo wa herufi zile, lakini saini ilikuwepo, basi.

Mwaka 1970 likaja shauri zito zaidi, na hili lilihusu rehani. Mjane wa miaka 78, miwani yake imevunjika, aliletewa hati asaini. Aliambiwa ni ya kumpa nyumba mpwa wake. Kumbe ilikuwa hati ya kuihamisha kwa mtu mwingine, rafiki wa mpwa huyo, ambaye aliichukua nyumba akaiweka rehani kwa Anglia Building Society. Baraza la Mabwana, lililokuwa ndiyo mahakama ya juu, liliamua kwa faida ya mkopeshaji. Mjane hakusoma, hakungoja miwani itengenezwe, na mkopeshaji hakuwa na kosa. Hivyo hasara ikamwangukia yeye. Misingi ya sheria ya Kiingereza ya mikataba iliingia Tanganyika, Kenya na Uganda wakati wa ukoloni, na mantiki ya shauri hilo bado inasikika katika mahakama zetu kila mkopaji anaposema hakuelewa alichosaini.

Tanzania ya leo inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001 na kufanyiwa marekebisho makubwa kuhusu rehani mwaka 2004 na 2008. Rehani rasmi iwe katika fomu iliyowekwa kwa kanuni, isainiwe, ishuhudiwe na isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Sheria inatambua pia rehani zisizo rasmi, kwa mfano pale mkopaji anapokabidhi hati miliki pamoja na maandishi yenye mashahidi yanayoonyesha wazi nia ya kuweka dhamana, na mikopo mingi midogo mijini hutembea kwenye njia hiyo. Ushuru wa stempu nao una meno yake: hati isiyolipiwa haipokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru ulipwe. Kamishna wa viapo anatakiwa na Sura ya 12 ya sheria za nchi, kifungu cha 8, kuandika jina lake na kusema kweli mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa, na mahakama zetu zimetupa viapo vingi kwa sababu ya mstari huo mmoja kukosewa.

Ukisimama dirishani pa ofisi ya ardhi utaona kinachokaguliwa. Majina kwenye hati ya rehani yanafanana na yaliyo kwenye hati miliki? Namba ya kiwanja na ya hati ni sahihi? Picha zipo, mihuri ipo, shahidi ameandika jina, cheo na anwani? Kampuni imegonga lakiri yake? Haya ni maswali ya msingi. Mfumo wa usajili hauwezi kusimama bila hayo, na yeyote aliyewahi kuona kiwanja kimoja chenye wamiliki wawili anajua gharama ya kuyapuuza. Hakuna swali hata moja hapo linalouliza kama mweka rehani ameelewa.

Pahali pekee ambapo sheria yetu ilijaribu kulitia swali hilo ndani ya umbo la hati ni katika ridhaa ya mwenzi, na hapa panastahili kukaa kidogo.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, ilikwisha kukataza mwanandoa kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kikaenda kwenye karatasi zenyewe: rehani ya nyumba ya wanandoa ni halali pale tu ambapo nyaraka za maombi au za kutoa rehani zimesainiwa na mweka rehani na mwenzi anayeishi katika nyumba hiyo, au zinaonyesha kwamba mwenzi huyo ameridhia. Kenya ina kifungu kinachokaribiana nacho sana, cha 79 cha Sheria ya Ardhi ya 2012. Kwa mara ya kwanza mwanamke asiye na jina kwenye hati miliki akapewa nafasi kwenye karatasi ya rehani, mstari wake mwenyewe wa kusaini.

Marekebisho ya 2008 ya Tanzania, yaliyokuja na Sheria ya Mikopo ya Nyumba, yaligawa mzigo upya. Mkopeshaji achukue hatua za busara kujua kama mwombaji ana mwenzi. Mwombaji aseme ukweli. Anayedanganya kwa kiapo au kwa maandishi yenye mashahidi kwamba hana mwenzi anatenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua nusu ya thamani ya mkopo au kifungo kisichopungua miezi 12. Kwenye vitabu, hiyo ni adhabu kali. Kazini, imezaa karatasi moja ya ziada: kiapo cha kutokuwa na ndoa, kilichokwisha kuchapwa, kinachongoja jina na saini. Mwanamume anakijaza, kamishna wa viapo anagonga muhuri, benki inakiweka kwenye faili. Mke anapojitokeza siku ya mnada, benki inafungua faili na kuonyesha kwamba ilichukua hatua za busara. Mwanamume anaweza kushtakiwa, ndiyo, lakini nyumba inaweza kuwa imekwenda. Umbo limetimizwa, na lile lililokusudiwa na umbo limepotea.

Hata pale mke anaposaini kweli, amesaini katika hali gani? Mwaka 2001, katika shauri la Royal Bank of Scotland dhidi ya Etridge, majaji wa Uingereza walilitazama hilo kwa makini. Walisema mkopeshaji akitaka kutegemea saini ya mke aliyedhamini deni la mumewe, ahakikishe mke huyo ameshauriwa na mwanasheria uso kwa uso, mume akiwa hayupo, kwa lugha isiyo ya kitaalamu, na ameelezwa wazi kwamba anaweza kukataa. Linganisha na mazoea yetu. Mume na mke wameketi pamoja mbele ya afisa mikopo, karatasi zimekunjwa tayari kwenye ukurasa wa saini, mke anaonyeshwa kwa kidole pa kusaini. Mara nyingi hajafunua hata ukurasa wa kwanza. Ningependa kuona kanuni ya namna ile ya Etridge ikiandikwa kwenye kanuni zetu kabla ya jambo jingine lolote.

Uganda imetupa somo la aina nyingine, na ni somo ambalo mawakili wa huko hawajalisahau. Kifungu cha 148 cha sheria yao ya usajili wa hati miliki, kwa namba zilizotumika wakati huo, kinataka saini kwenye hati iwe kwa herufi za Kilatini, au kama siyo, jina la aliyesaini liandikwe kwa herufi hizo mbele ya shahidi. Kwa miaka mingi watu waliliona kama sharti la kale lisilo na maana. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika shauri dhidi ya Orient Bank, ambapo nyumba ya mtu ilikuwa imewekwa rehani kwa kutumia hati ya uwakili aliyompa mwingine, kwa deni ambalo halikuwa lake. Saini kwenye hati ya rehani zilikuwa mikwaruzo isiyosomeka, bila majina chini yake. Mahakama iliona kwamba sharti la herufi lina sababu nzito: kila anayeiona hati aweze kujua ni nani hasa aliyesaini na kama alikuwa na mamlaka ya kusaini. Rehani ikaanguka.

Napenda hukumu ile kwa sababu iliuliza umbo limewekwa kwa ajili gani, kisha ikalilinda umbo kwa sababu ya jibu. Uganda inayo pia sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma, iliyotungwa mwaka 1918. Mtu akimwandikia hati asiyejua kusoma, ni lazima aandike juu yake jina lake kamili na anwani yake, na kwa kufanya hivyo anahesabiwa kuwa amethibitisha kwamba aliagizwa kuiandika na kwamba aliisoma na kuieleza kwa mwenyewe. Mkopeshaji anayekuja mahakamani na hati yenye dole gumba bila maelezo hayo anapata taabu kubwa. Zaidi ya miaka 100 imepita, na hiyo bado ni mojawapo ya sheria bora za uandishi wa hati katika ukanda wetu.

Kenya imejaribu kuliweka jambo la kuelewa moja kwa moja ndani ya fomu. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinataka hati ya rehani iwe na ungamo maalumu kwamba mweka rehani anaelewa athari ya kifungu cha 90 cha Sheria ya Ardhi, yaani kile kinachoeleza mkopeshaji anaweza kufanya nini deni lisipolipwa. Ungamo hilo lina saini yake ya peke yake. Wazo ni zuri: mtu asimame, apumue, asome jambo moja zito kabla ya kuendelea. Ila fikiria saini hiyo inapowekwa. Ni miongoni mwa saini nyingi, siku moja, mbele ya wakili ambaye mara nyingi amechaguliwa na benki na kulipwa na mkopaji. Saini ya kusema nimeelewa imechukua mahali pa kuelewa.

Kenya pia inamtaka kila aliyeandaa hati kuweka jina na anwani yake juu yake, na afisa wa usajili aikatae isiyo nayo. Kutokana na sharti la namna hiyo lilizuka swali lililotikisa mabenki: je, rehani iliyoandaliwa na wakili ambaye hakuwa amekata leseni ya mwaka huo ni batili? Mahakama ya Rufani ilisema ni batili. Mwezi Desemba 2015, katika shauri la National Bank of Kenya dhidi ya Anaj Warehousing, Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo: kosa la wakili lisimpokonye mteja haki iliyo ndani ya hati. Uamuzi huo ni sahihi, kwa maoni yangu, na unaonyesha mpaka unaofaa. Matakwa ya umbo yanayomlinda mhusika yashikiliwe kwa nguvu. Yale ya kuwatia nidhamu wanataaluma yaadhibiwe kwa wanataaluma wenyewe.

Waliokwenda mbali kuliko wote kwenye uchapaji ni Wamarekani. Huko kila jimbo lina kanuni za hati zinazopelekwa kusajiliwa. Florida inataka jina la kila aliyesaini lichapwe chini ya saini yake, jina na anwani ya aliyeandaa hati vionekane, na kona ya juu kulia ya ukurasa wa kwanza iachwe wazi inchi 3 kwa 3 kwa ajili ya karani, na kurasa zinazofuata inchi 1 kwa 3. Illinois inataka karatasi nyeupe ya inchi 8.5 kwa 11, wino mweusi, herufi zisizopungua pointi 10 na pambizo zisizopungua nusu inchi; hati isiyofuata vipimo hutozwa ada ya ziada. Ukizitazama kanuni hizi utaona zinamhudumia karani na mashine yake ya skana. Hakuna ubaya, kumbukumbu isiyosomeka si kumbukumbu.

Lakini baada ya msukosuko wa mikopo ya nyumba wa 2008, ambamo watu wengi walipoteza nyumba kwa sababu riba ilipanda kwa namna ambayo hawakuitarajia, Marekani ilifanya jambo tofauti. Sheria ya Dodd-Frank ya 2010 iliunda ofisi ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, na ofisi hiyo ikakaa chini kutengeneza upya karatasi ambazo mkopaji hupewa. Rasimu zilijaribiwa kwa watu wa kawaida: wapewe, wasome, waulizwe wameelewa nini, kisha zirekebishwe. Tangu tarehe 3 Oktoba 2015 mkopaji hupata fomu ya kurasa 3 anapoomba mkopo, na nyingine ya kurasa 5 inayopaswa kumfikia angalau siku 3 za kazi kabla ya kufunga mkataba. Ukurasa wa kwanza, sehemu ya juu, una kisanduku: kiasi cha mkopo, riba, rejesho la kila mwezi. Kando ya kila kimoja kuna swali, kiasi hiki kinaweza kuongezeka baadaye, na jibu ni ndiyo au hapana. Chini yake wanauliza kama kuna adhabu ya kulipa mapema na kama kuna fungu kubwa la mwisho. Benki hairuhusiwi kupanga fomu hiyo itakavyo. Mpangilio ni wa serikali. Na kuna mfano wake rasmi kwa Kihispania.

Kihispania, katika nchi ambayo sheria zake ni za Kiingereza! Huko walielewa kwamba mtu anayeweka nyumba yake rehani ana haki ya kusoma gharama yake kwa lugha ya nyumbani kwake.

Isidhaniwe kwamba Marekani imetibu kila kitu. Mwaka 2010 iligundulika kwamba wafanyakazi wa mabenki na makampuni ya kusimamia mikopo walikuwa wakisaini maelfu ya viapo vya kuchukulia nyumba bila kusoma faili, wakiapa kwamba wanajua wasichokijua. Kwa kuvitazama tu, viapo hivyo vilionekana kuwa na umbo sahihi. Mwaka 2012 mabenki 5 makubwa yalikubaliana na serikali kuu na majimbo 49 kulipa na kufidia kwa thamani ya dola bilioni 25. Udhaifu ule tunaouona kwenye kiapo cha mtu kusema hana mke, wao waliuona kwa kiwango cha taifa zima.

Mifumo ya kidijiti inakuja kwa kasi. Kenya ilizindua Ardhisasa tarehe 27 Aprili 2021, na saini za kielektroniki zimeshapata nguvu ya kisheria huko na Tanzania. Foleni zitapungua na faili hazitapotea tena kirahisi. Hofu yangu ni kwamba tutahamisha hati zilezile kwenye skrini ya simu, ambako kurasa zote huvutwa juu kwa kidole mpaka kwenye kitufe cha kukubali, na hata lile tendo la kufunua karatasi litakuwa limeondolewa.

Turudi Tanzania na lugha. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwanakijiji anayepimiwa shamba anapewa hati ya hakimiliki ya kimila iliyoandikwa kwa Kiswahili, anaweza kuisoma yeye au mwanawe aliyemaliza darasa la saba. Anapoichukua hati hiyo na kuipeleka benki kama dhamana, anapewa asaini Kiingereza. Akichelewa kulipa, kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi kinataka notisi imweleze vya kutosha aina ya kosa lake, kiasi anachodaiwa na kwamba baada ya siku 60 tangu aipokee, deni lote litadaiwa na ardhi yaweza kuuzwa. Kumweleza mtu vya kutosha kwa lugha asiyoisoma haiwezekani. Kisha mnada unatangazwa, kwa Kiswahili.

Mabenki yana hoja zake, nazo zisikilizwe. Wanasema matoleo mawili ya hati huleta ubishi pale yanapopishana. Kwamba istilahi za rehani zilizozoeleka mahakamani ni za Kiingereza. Kwamba tafsiri ni gharama ambayo mwishowe mkopaji ndiye ataibeba. Hoja ya kwanza inajibika kwa sentensi moja ndani ya hati, ikisema toleo lipi litatawala. Na hapa sioni sababu lisiwe lile ambalo mkopaji aliweza kulisoma, hasa kwa kuwa kanuni ya zamani ya mikataba inataka neno lenye utata lifasiriwe dhidi ya aliyeliandika. Ya pili inazidi kudhoofika kadiri sheria zinavyotafsiriwa. Ya tatu ingekuwa na uzito kama kila benki ingelazimika kutafsiri peke yake. Fomu ikiwa moja kwa nchi nzima, gharama hiyo inalipwa mara moja.

Njia ipo na haihitaji muswada. Fomu za rehani zimewekwa kwa kanuni, na kanuni hutungwa na Waziri mwenye dhamana ya ardhi. Anaweza kuongeza kwenye fomu hiyo ukurasa wa mbele wa Kiswahili, wenye herufi za ukubwa ambao mzee anausoma bila miwani ya kuazima, unaotaja kiasi cha mkopo, riba na kama inaweza kupanda, rejesho la mwezi, jumla itakayolipwa mpaka mwisho, na nini hutokea mkopaji akikosa kulipa. Anaweza kuagiza ukurasa huo umfikie mkopaji na mwenzi wake siku kadhaa kabla ya kusaini, na mwenzi aelezwe akiwa peke yake. Anaweza kumwamuru Msajili aikatae hati isiyo na ukurasa huo, kama anavyoikataa leo isiyo na muhuri. Benki Kuu nayo inaweza kuwataka wakopeshaji wathibitishe kwamba wamefanya hivyo.

Mpaka siku hiyo ifike, mkopaji ajilinde mwenyewe. Omba nakala ya hati nzima uende nayo nyumbani. Itafutie mtu wa kukusomea ambaye hakulipwa na benki. Hakikisha hakuna nafasi iliyoachwa tupu ya kujazwa baadaye, na jina la kila aliyesaini limeandikwa wazi chini ya saini yake. Mpe mwenzi wako muda wake wa kuuliza maswali yake. Na ukiambiwa usaini leo hii la sivyo mkopo utachelewa, uache uchelewe.